Sindano Kumi, Madume Wawili

Siku niliyokabidhi ofisi, mwenzangu aliyeshika nafasi yangu alinisainisha orodha ya vitu: pikipiki moja isiyo na kioo cha kushoto, jokofu moja la dawa, mabomba ya sindano, kamba ya kufungia ng'ombe, na funguo tatu za stoo, mbili kati yake hazifungui kitu chochote. Chupa ya chai nyekundu yenye kifuniko kilichopasuka haikuwamo, maana niliinunua mwenyewe. Nikaibeba kwapani nikaenda nayo nyumbani Kabasa. Ndiyo stahili yangu pekee niliyoipata siku ile ile.

Wadogo zangu wa idara ya mifugo, mliniomba niandike chochote kitakachowafaa. Barua za kupandishwa cheo ziko kwenye faili, na faili liko salama kuliko mimi, kwa hiyo hizo sizigusi. Najua mlitarajia habari za ndigana, chanjo na majosho. Mimi nataka kuwaandikia juu ya sungura. Chekeni kwanza, mkimaliza msome.

Nimezaliwa Makoko, Musoma, kwenye nyumba ya wavuvi. Hadi naenda chuo nilikuwa namjua sato kwa harufu na sangara kwa uzito, lakini ng'ombe nilikuwa nawaona wakipita tu. Kwa hiyo siku ya kwanza kazini Butiama nilivaa koti jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Msaidizi wa mifugo niliyemkuta pale alikuwa Mzee Mafuru, mwembamba, mwenye radio ndogo mfukoni na maneno machache. Alinitazama kuanzia juu hadi chini.

"Koti zuri sana, binti," alisema. "Kesho uliache nyumbani."

Asubuhi hiyo tuliitwa kumwona ng'ombe asiyeshika mimba. Nilinawa mkono hadi begani, nikampima yule ng'ombe nusu saa nzima, nikatoa mkono nikiwa nimeloa jasho na sina jibu. Ng'ombe alikuwa mzima kabisa. Mzee Mafuru, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe wakati wote huo, akamuuliza mwenye ng'ombe swali moja tu: "Na dume wenu yuko wapi?" Dume akaletwa, anachechemea mguu wa nyuma. Tangu aumie alikuwa hawezi kupanda hata kichuguu. Mimi nilikuwa nimempima aliyeletwa mbele yangu, basi.

Jioni Mzee Mafuru alinipa daftari na akanionyesha anavyotumia la kwake. Ukurasa wa kushoto ni wa maswali, wa kulia ni wa dawa. "Ukiona wa kulia umejaa na wa kushoto ni mweupe," alisema, "ujue unauza dawa, hautibu." Nimeandika hivyo miaka yote niliyofanya kazi. Kuna kisa kimoja tu nilichokijazia ukurasa wa kulia peke yake, na ndicho nitakachowasimulia.

Sungura waliingia kwetu kama mtindo wa nguo. Mwaka mmoja hawapo, mwaka unaofuata kila nyumba ina vizimba vya mbao na watu wanaulizana bei ya mbegu. Wafugaji wa ng'ombe hawakuwapa heshima hata kidogo. Mzee mmoja aliniuliza kama naweza kumtajia mahari iliyowahi kulipwa kwa sungura. Kwenye mabanda ya nyama choma nikapewa jina la Dokta wa Panya, na nawajua wawili walioliasisi, wote nimewachanjia ng'ombe wao baadaye bila kinyongo, ingawa sindano zao nilizichoma taratibu kidogo kuliko ilivyo lazima.

Lakini mimi mnyama huyo alinishika akili. Ng'ombe ana kalenda yake: siku zikifika anapata joto, yai linashuka, dume awepo asiwepo. Sungura jike hana haraka hiyo. Anatunza mayai yake yakiwa tayari, na hayaachii mpaka apandwe. Dume akishampanda, ndipo ubongo wake unapotoa amri, na saa kama kumi hivi baadaye mayai yanashuka. Nilipolisikia hili kwenye semina nilinyoosha mkono mara nne, mpaka mkufunzi akaniomba niwaachie na wengine.

Kwenye semina hiyo ndiko nilikojifunza habari za homoni. Zilikuwa mbili. Ya kwanza inatoka kwenye damu ya farasi jike mwenye mimba. Unamchoma sungura siku mbili kabla ya kumpandisha, mayai yanakomaa na jike aliyekuwa anakataa dume anakubali. Ya pili imetengenezwa kiwandani, inaiga ile amri ya ubongo ya kushusha mayai. Hiyo wanaitumia hasa wale wanaohimilisha, yaani kutia mbegu kwa mrija, kwa sababu mrija haumshtui jike kama dume anavyomshtua. Kwa maneno mengine, sindano ya pili ni dume wa kwenye kichupa. Ningeliandika hilo ukurasa wa kushoto siku ile, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia leo.

Nilirudi na vichupa vichache. Umeme wa ofisini ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo nilivibeba kwenye ile chupa ya chai nyekundu pamoja na barafu niliyoombea mwaloni Makoko, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kwa binamu yangu anayefungasha sangara. Tangu hapo chupa hiyo haijawahi kunywewa chai. Mwenye moyo anaweza kujaribu.

Mtu wa kwanza niliyemfikiria alikuwa Bibi Nyangeta. Alikuwa mjane asiyejaliwa mtoto, na boma lake liko nje kidogo ya mji wa Butiama. Kwa msomaji wa mbali lazima nieleze kidogo. Kwetu Mara, mwanamke wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti, binti akazaa na mwanamume, watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake na jina lisifutike. Tunaita nyumba ntobhu. Bibi Nyangeta alikuwa Mkatoliki wa benchi la mbele, na mambo hayo mawili yalikaa ndani yake bila kugombana. Mimi sikutumwa na serikali kuyagombanisha. Alikuwa amemwoa Paskazia, binti wa watu wa Bunda, mpole, aliyemaliza darasa la saba na mwenye macho yasiyopitwa na kitu.

Paskazia alikuwa na miaka mitatu kwenye boma lile na mtoto hajapatikana. Bibi Nyangeta hakumsema. Ila alimpa sungura kumi majike na madume wawili wawe kazi yake, na watu wakawa wanaangalia. Aliyeangalia kuliko wote alikuwa Mzee Magoto, mdogo wa marehemu mume wa Bibi Nyangeta. Nyumba ile ikikosa mrithi, shamba lingekuwa lake. Alikuwa ameshasema mbele za watu kwamba binti yule hana mkono wa uzazi, si kwa watu wala kwa mifugo, na kwamba kikao cha ukoo kikae, arudishwe Bunda na ng'ombe warudi. Kikao kilikuwa kimeshapangiwa siku.

Na sungura kweli walikuwa hawazai. Ulikuwa msimu wa joto kali. Kila jike ukimpeleka kwa dume anajibana kwenye kona kama ameambiwa alipe kodi. Niliwageuza mmoja mmoja nikawatazama nyuma: wote wamepauka. Jike aliye tayari huwa mwekundu, wakati mwingine wa kuelekea zambarau. Juu ya vizimba kulikuwa na bati tupu lililokuwa linatoa mvuke. Bati hilo nililiona, likaniunguza hata kiwiko, na sikuliandika popote, kwa sababu nilikuwa na vichupa.

"Hii dawa imetoka kwa farasi?" Bibi Nyangeta aliuliza nilipomweleza.

"Ndiyo, mama. Kwenye damu yake."

"Kwa hiyo watazaliwa na kwato?"

Paskazia alicheka, mara ya kwanza mimi kumsikia akicheka, halafu akafunika mdomo. Niliwachoma wote kumi. Siku mbili baadaye nikarudi asubuhi na ile homoni ya pili, na kweli majike walikuwa wamebadilika rangi. Nilifurahi kama mtoto.

Sasa sikilizeni kosa lilivyo. Mimi nilikuwa mtu wa ng'ombe, nimelelewa na kampeni za uhimilishaji. Kwenye kampeni unakusanya ng'ombe wa kijiji kizima, unawachoma wote siku moja ili wapate joto pamoja, na mhimilishaji anakuja na mrija wa kila mmoja. Kundi ni kundi; humwachi ng'ombe wa jirani. Pia barafu ilikuwa inayeyuka. Kwa hiyo nikawachoma majike wote kumi homoni ya kushusha mayai, kisha ndipo nikasema haya, leteni madume.

Madume walikuwa wawili. Dume mkubwa, ambaye Paskazia alimwita Diwani kwa sababu anakula sana na hafanyi haraka, alipanda majike watatu, akaanguka ubavu, akalala na hakuamka tena kwa shughuli hiyo. Mdogo wake alipanda wawili. Joto lile, hata mimi nisingelaumu mtu.

"Hawa watano waliobaki?" Paskazia aliuliza.

"Kesho," nilisema. "Madume wakipumzika."

Kesho yake alinipigia simu kwamba wale watano wamekataa kabisa, wanaunguruma na kupiga mguu chini. Nikamwambia si neno, tutawarudia. Nikafunga daftari bila kuandika nani amepandwa na nani bado. Ukurasa wa kulia ulikuwa umejaa, wa kushoto mweupe kama lile koti langu.

Siku ya kumi na saba simu ikalia tena. "Dokta, njoo," Paskazia alisema. "Wananyonyoa manyoya. Wanajenga. Si ulisemaga mwezi mzima?"

Nilisema mwezi mzima na siku moja, na ndivyo ilivyo. Nilipofika nilikuta watu kama ishirini wamejaa uwanjani. Majike watano walikuwa wamejinyonyoa kifua na tumbo, wamebeba majani mdomoni, wamejenga viota vizuri ajabu vyenye manyoya laini juu. Nikaingiza mkono kwenye cha kwanza. Kitupu. Cha pili, kitupu. Vyote vitano. Wale mama walikuwa wanazunguka viota vyao na kuvinusa, wanarekebisha manyoya, wanangoja. Katika kazi yangu nimeona mizoga mingi, ila sijaona kitu kilichoniumiza kama vile viota.

Mzee Magoto alikuwepo. "Mnaona wenyewe," alisema kwa sauti ya mtu asiyehitaji kupaza. "Hata mnyama anaandaa kitanda, mtoto haji. Hii nyumba ina nini? Muulizeni anayewalishaga."

Watu wakanigeukia mimi, mtaalamu. Mtaalamu asiye na jibu ni mnyama hatari kuliko mbogo aliyejeruhiwa. Nikamtazama Paskazia, nikasema, mbele ya wote: "Labda uliwashtua. Wakishtuka wanaweza kuharibu mimba."

Ni maneno machache tu. Nilisema ili ukimya uishe. Paskazia aliinamisha kichwa, hakujitetea, na Mzee Magoto akatingisha chake taratibu kama mtu aliyepokea barua aliyokuwa anaisubiri. Bibi Nyangeta akaingia ndani bila kuniaga. Nilikuwa nimempa Magoto ushahidi wenye muhuri wa serikali.

Watu walipotawanyika nilibaki naangalia vizimba, kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kuangalia kitu kingine. Hapo ndipo nilipoona ubao. Paskazia alikuwa amepigilia ubao mmoja mrefu chini ya safu ya vizimba, na chini ya kila kizimba amechora kwa mkaa. Kwenye vizimba vitano kulikuwa na duara lenye kitone ndani yake. Kwenye vingine vitano, kitone peke yake.

"Hizi ni nini?" nilimuuliza.

Aligusa kitone kimoja. "Kitone ni sindano yako. Duara ni dume." Kisha akasogea, akaonyesha kwa kidole kizimba kimoja kimoja. "Waliojenga ndiyo hawa wenye kitone kitupu. Hawa wa duara hakuna hata mmoja aliyenyonyoa." Akanitazama, mara hii moja kwa moja. "Dokta, nikuulize? Ile sindano yako, inajuaga kama dume amekuja?"

Nilimwambia nitarudi kesho.

Nilimkuta Mzee Mafuru ofisini akichemsha sindano kwenye sufuria, kazi aliyoendelea nayo hata baada ya sindano za kutupa kuja, kwa sababu hakuziamini. Alikuwa amebakiza miezi michache kustaafu. Nikamweleza nilichomsingizia Paskazia, na swali lake kama lilivyoulizwa. Alizima jiko, akakaa.

"Haijui," alisema. "Itajuaje?"

Basi tukaanza kulifungua lile swali kama watu wanaofungua saa mbovu, na nakiri kwamba pamoja na aibu yote niliyokuwa nayo, nilikuwa na furaha. Sindano inaagiza mayai yashuke. Mayai yakishashuka, mwili wa sungura unajiandaa kulea mimba, maana kwa kawaida yake mayai hayashuki bila dume, kwa hiyo mwili hauna sababu ya kuuliza. Mbegu haikuingia, hakuna kilichotungwa, lakini mwili unaendelea na maandalizi. Siku kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane, unagundua hakuna mtu ndani. Hapo jike anajenga kiota cha mwisho wa safari isiyokuwepo. Ile ya kukataa dume kesho yake nayo ikaeleweka: alishajiona mjamzito. Serikalini tulikuwa na wafanyakazi hewa. Mimi nilikuwa nimetengeneza mimba hewa tano kwa mkono wangu, na nimezisainia.

"Kwa hiyo yule binti hakushtua mtu," Mzee Mafuru alisema.

"Hakushtua."

"Na yale maneno uliyasemea wapi?"

"Uwanjani. Mbele ya watu."

Alirudi kwenye sufuria yake. "Basi unajua pa kwenda kuyafuta."

Kesho yake nilirudi, sikuanza na maneno. Niliwapapasa wale watano wenye duara. Hapa naomba mtulie, maana hiki ni kitu cha mikono na hakifundishwi kwa simu: unamshika sungura kichwa kikielekea kwako, mkono mmoja shingoni, mwingine chini ya tumbo mbele ya mapaja, unabana polepole kama anayetafuta sarafu kwenye kanga ya mtu aliyelala. Mavi ni magumu na yako juu. Mimba ni laini, zinateleza kama kunde mbichi zilizojaa maji. Kwa wanne nilizikuta. Wa tano alikuwa mtupu: mayai yake hayakushuka, hilo hutokea. Nikaushika mkono wa Paskazia nikauweka pale pale.

"Wapo," alinong'ona. "Dokta, wapo."

Siku ya kumi na tisa tuliwapeleka wale watano wa kitone kwa madume, mapema kabla jua halijapanda, bila sindano yoyote. Mimba hewa ikiisha jike huwa tayari sana. Tuliwagawa asubuhi mbili ili Diwani na mdogo wake wasituangukie, na wote watano wakakubali. Paskazia alichora maduara mapya pembeni, akaviacha vile vitone vya zamani kama vilivyo. Niliuliza kwa nini havifuti. Alisema kilichotokea kimetokea.

Kikao cha ukoo kikaja siku chache baadaye, na vitoto vya kwanza bado havijazaliwa. Nilikuwa natamani mno viwahi, ila siku thelathini na moja hazina ndugu. Sikualikwa, nilijialika. Mzee Magoto alikuwa ameshaongea, na nasikia aliongea vizuri, akanitaja na mimi kama shahidi wake. Nikaomba nisimame.

Kukiri kosa mbele ya bosi ni kazi ya karatasi. Kukiri mbele ya wazee waliokaa kwenye viti vya mbao na kukuangalia miguu ni jambo jingine. Nilisema: "Siku ile nilisema Paskazia aliwashtua sungura. Nilisema uongo. Sikuwa najua, nikamsingizia. Mimi ndiye niliyewachoma sindano majike kumi nikiwa na madume wawili. Wale watano walijenga viota kwa sababu ya sindano yangu. Aliyegundua ni yeye, mimi sikugundua."

"Dokta wa serikali anakoseaga?" Mzee Magoto aliuliza, na watu wakacheka.

"Anakosea, baba. Na ndiye huyu hapa."

"Sasa tutajuaje kama leo ndiyo husemi uongo?"

Hilo lilikuwa swali zuri, na nililiheshimu. Nikawaomba waje kwenye vizimba. Nikawasomea ule ubao wa Paskazia, duara na kitone, kisha nikasema mbele yao nini kitatokea: hawa wanne watazaa baada ya wiki moja. Huyu mmoja hatazaa, ingawa ana duara. Hawa watano watazaa wiki karibu tatu baada ya wenzao, kwa asubuhi mbili, kama tulivyowapandisha. "Ikiwa tofauti," nikasema, "mwandikieni mkuu wangu, nitawapa karatasi mimi mwenyewe."

Bibi Nyangeta ndiye aliyejitokeza. Hakunitazama mimi wala shemeji yake. Alikwenda hadi alipokuwa amesimama Paskazia, akamshika mkono mbele ya ukoo mzima.

"Nilikuwa nimeanza kuamini," alimwambia. "Usiku nilikuwaga nasali, halafu naamini tena. Nisamehe, mwanangu." Kisha akawageukia wazee. "Huyu haendi Bunda. Sungura wazae, wasizae, haendi."

Paskazia alilia. Mimi pia nililia, na Mzee Mafuru, aliyekuwa amekuja bila kuniambia, alianza kutengeneza radio yake isiyokuwa na tatizo. Mzee Magoto akasema basi tusubiri wiki hiyo moja. Hakuna aliyempinga; tulimwachia heshima yake.

Wanne walizaa. Yule mmoja hakuzaa. Mmoja wa wale wanne alizaa vitoto vingi kupita chuchu zake, na vitoto vitatu vikafa. Homoni ya farasi ukiizidisha kidogo tu ndivyo inavyofanya, inakomaza mayai bila kuuliza mama ana maziwa kiasi gani. Paskazia alihamisha vingine kwenye viota vya majike wenye watoto wachache, akivipaka kwanza manyoya ya mama mpya ili asivikatae. Hilo hakufundishwa na mimi. Wiki za baadaye wale watano nao wakazaa, wanne asubuhi moja, mmoja kesho yake, na Mzee Magoto alipita njiani akiwa na shughuli zake, akasimama kwenye uzio, akahesabu, akaendelea na safari.

Nataka niwe mkweli juu ya homoni, maana kuna watakaosoma hapa wakazitupa. Msizitupe. Nimezitumia tena mara nyingi, na zimenifaa kwa majike waliochelewa kurudi baada ya kunyonyesha. Lakini chomeni jike mnayeweza kumpandisha siku hiyo hiyo, si zaidi. Msirudie ya farasi kila uzao. Mwili wa sungura unaizoea na kuikataa. Na kabla ya kichupa, angalieni bati. Paskazia aliezeka nyasi juu ya lile bati, akawa anapandisha alfajiri, na akagundua kwamba akimtenga mama na watoto wake siku moja kabla ya kumpandisha, jike anakuwa mwekundu bila dawa. Niliuliza wakufunzi wa semina nyingine, wakaniambia hilo linajulikana kwa wataalamu. Nikawajibu kwamba hata Butiama linajulikana.

Watu hupenda kuniuliza kama Paskazia mwenyewe alipata mtoto. Huwajibu kwamba walikuja kwa habari za sungura.

Mzee Mafuru alistaafu, akaniachia sufuria. Mimi nikahamishiwa Bunda, nikapanga hatimaye nikajenga Kabasa, na miaka ikaenda. Siku ya kuniaga ofisini kulikuwa na soda, hotuba, na kanga yenye maneno ambayo sitayarudia hapa. Paskazia alikuja, sasa mama mtu mzima, anayesikilizwa na wafugaji wa kata tatu. Mikononi alikuwa amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwenye kanga kuukuu. Nilipokifungua nilikuta ule ubao wa vizimba, umekatwa ukingoni uweze kuingia kwenye basi. Mkaa ulikuwa umefifia, amepaka vanishi juu yake usifutike.

"Huu si ubao wako wa kazi?" nilimuuliza.

"Mimi nimeshaujua, dokta," alisema, huku anacheka bila kufunika mdomo. "Sasa uangalie wewe."

Nimeupigilia sebuleni, juu ya kabati ambamo chupa ile nyekundu inakaa na harufu yake ya sangara. Wageni huuliza kama ni kazi ya mjukuu. Maduara matano yenye kitone ndani, na maduara mengine madogo yaliyoongezwa pembeni. Na vile vitone vitano vya kwanza viko pale pale, vitupu, kama alivyoviacha.